Bipu Moja ya Alfajiri

Mama yangu hakuwa na mazoea ya kunipigia simu. Sisemi hivi kumsengenya, mwenyewe akisikia atakubali, tena kwa fahari. Tangu apate kile kitochi chake, simu ndogo yenye tochi mbele na mpira wa kufungia noti kuzuia betri isidondoke nyuma, alikuwa ananibipu. Kila alfajiri, akishaswali, simu yangu inaita mara moja na kukata. Maana yake: nimeamka salama. Zikija mbili: nipigie wewe mwenye mshahara. Zikija tatu mfululizo: acha hicho unachofanya uje, kuna msiba. Kazi yangu ilikuwa kuitazama simu ikiita na kutoigusa. Kupokea bipu ya mama ni kumlia salio, na kwetu Kisarawe kumlia mzazi salio ni utovu wa adabu. Haujaandikwa popote, lakini hata mtoto wa darasa la kwanza anaujua.

Bipu ile ya alfajiri ilikuwa na sababu. Mama anaishi peke yake. Baba alishatangulia, ndugu zangu wametawanyika mikoani, na mimi kitinda mimba ndiye niliye karibu, hapa Misugusugu. Mama ana presha. Mwaka mmoja alianguka uani akakaa chini tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Nilimchukua nikamleta kwangu. Alikaa siku nne, akasema nyumba yangu haina upepo na majirani zangu hawaamkiani, akafunga mzigo wake akarudi kwenye mikorosho yake. Tukakubaliana basi: bipu moja kila alfajiri. Isipokuja, nipande pikipiki.

Sasa, mimi ni fundi wa minara ya simu. Mtu angetegemea kwamba katika ukoo mzima mama wa fundi wa minara ndiye wa mwisho kukosa mtandao. Jamani, sikilizeni.

Zamani, nilipoanza kazi hii, kila mtandao ulikuwa na boksi lake juu ya mnara. Kulikuwa na boksi la 2G, ambayo ndiyo simu za kitochi zinaielewa, kulikuwa na la 3G, na baadaye likaja la 4G kwa ajili ya wenye simu janja. Wakitaka kubadilisha kitu tunaitwa sisi, tunapanda na kamba na mabegi, tunafungua, tunafunga, tunashuka migongo inauma. Siku hizi boksi ni moja, sisi mafundi tunaliita redio. Redio ile ikitoka kiwandani haina kazi maalumu, programu ndiyo inayoiambia: leo uwe 2G, kesho uwe 4G, keshokutwa gawanya nusu kwa nusu. Ni kama mwalimu wa shule ya msingi, amesomea Hisabati lakini barua ikija anafundisha Kiswahili, michezo na haiba. Na barua hiyo haipandi mnara. Inaandikwa Dar es Salaam, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, inafika juu kule kabla fundi hajamaliza kufunga kamba za viatu.

Nilipopangiwa kwenda kufunga redio mpya kwenye mnara wa kijijini kwetu, nilijiona mtu. Nilikwenda na ovaroli iliyopigwa pasi. Ovaroli! Nikapanda mbele ya watu wote ninaowaamkia, nikateremsha maboksi ya zamani, nikafunga hilo jipya. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee mwenye sola ambako nusu ya kijiji wanachajia simu zao, alikuwa amesimama chini anatoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Niliposhuka nikawatangazia: kuanzia wiki hii mtandao utajaa mpaka mtautapika. Wakapiga makofi. Mama alisimama pembeni ameshika kiuno, anajifanya hanijui vizuri, na ndivyo anavyofanya akiwa na furaha.

Kazi ikiisha fundi anajaza fomu ya kituo. Fomu ile ina maswali mengi, na mengine ni ya maana: boliti zimekazwa, waya wa radi umeunganishwa, uzio umefungwa. Swali la mwisho linauliza kama eneo lina watumiaji wengi wa simu za kawaida watakaoathirika 2G ikiondolewa. Jua lilikuwa kali, na mama alishatuma mtu mara mbili kusema ubwabwa unapoa. Nikachukua fomu niliyojaza wiki moja kabla kwa ajili ya mnara wa Soga, karibu na stesheni ya treni ya umeme, ambako abiria wanashuka kila mmoja ameinamia simu janja yake. Nikabadilisha jina la kijiji, nikatuma. Swali la mwisho lilikuwa limeshajibiwa: hakuna athari.

Nikaenda kula ubwabwa. Ulikuwa mtamu, wa nazi, na nikaongezewa.

Siku ya nne, Ijumaa, simu haikuita alfajiri.

Mwanzoni nilijidanganya. Nikasema amechelewa kuamka. Nikapiga mswaki. Nikasema betri imeisha, ingawa kitochi kile kikichajiwa Jumatatu kinaiona Jumatatu nyingine. Nikampigia. Haipatikani. Nikapiga tena, na tena, na yule mwanamke wa kwenye simu akawa ananijibu kwa upole uleule, nikamtukana, Mungu anisamehe. Jua lilipochomoza nilikuwa tayari njiani. Nikapita Visiga bila kumwambia mtu kazini, nikakata kushoto, nikapita Soga chini ya reli, nikaingia vumbi la kuelekea kwetu. Niseme ukweli, nililia. Ndani ya kofia ya pikipiki hakuna anayekuona. Nilikuwa naona uani petu, naona mtu amelala chini, na jirani hajaja kuomba moto.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo, amenipa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema bila kugeuka. "Umekuja kuzika?"

Nikakaa chini palepale, kwenye maganda ya mihogo. Nikaanza kucheka, naye akageuka akaniona uso, akaweka kisu chini. Kisha hasira ikamrudia.

"Nimekubipu tangu adhana. Nimebipu nyuma ya banda la kuku, nimebipu juu ya kichuguu, nimebipu mpaka mlangoni kwa choo na huko haijapata kukosa. Inasema haina mtandao. Huo mnara wako unakula nini?"

Nikatoa simu yangu. Mtandao umejaa, vile vijiti vyote vimesimama, kama nilivyoahidi. Nikachukua kitochi chake. Hakuna hata kijiti kimoja. Hapo nikaelewa, na laiti ardhi ingekuwa na adabu ingepasuka. Redio ilikuwa imeandikiwa barua. Ilikuwa imeambiwa iwe 4G tupu, na kitochi hakijui 4G ni mnyama gani. Nilikuwa nimemzimia mama simu kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikala ubwabwa wake, na nikaongezewa.

Habari za kufika kwangu zilienea bila msaada wa mtandao wowote. Mwenyekiti akaja na watu nyuma yake, kila mmoja na kitochi chake mkononi. Wale waliopiga makofi siku ile walikuwemo wote. Mwenyekiti akakohoa.

"Kikulacho," alisema, "ki nguoni mwako." Akaniangalia ovaroli ya kazi niliyokurupuka nayo.

Nikampigia mhandisi. Yule ndiye anayeandika zile barua za redio kutoka Dar. Ni binti mdogo kwangu kwa umri, mkubwa kwangu kwa kila kitu kingine, na hana ubaya. Nikasogea pembeni ya banda la kuku, nikamweleza.

"Lakini kaka, mnara ule ulikuwa umelala," akasema. "Nina ripoti hapa. Dakika za maongezi kwenye 2G zilikuwa kama hakuna. Watu wenu hawaongei."

"Hawaongei, dada. Wanabipu."

"Wanabipu sana?"

"Kutwa. Mashine ya kusaga inabipiwa, shamba linabipiwa, mchumba anabipiwa. Mama yangu ananibipu mimi."

Nikasikia anapekua ripoti yake.

"Bipu haina dakika," alisema taratibu. "Haiingii kwenye ripoti yangu." Kisha akaongeza, na hapa ndipo kisu kilipozama, "Na fundi wa kituo aliandika hakuna athari. Ni nani huyo fundi?"

"Ni mimi," nikasema.

Hakucheka. Nilitamani acheke. Akauliza kwa nini watu wasinunue simu janja tu. Nikamwambia mama anayo, nilimnunulia mimi. Ipo kwenye kabati la vioo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, pamoja na vikombe vya wageni. Anasema ni simu ya kushinda kwenye chaja kama mgonjwa kwenye dripu.

Mwishoni akasema hivi: kuirudisha 2G ni kazi ndogo, anaweza kuifanya nikiwa bado nipo kwenye simu. Lakini wakubwa wake wanataka ripoti. Angeirudisha kwa majaribio, siku kumi. Dakika zikionekana, ibaki. Zisipoonekana, inaondoka na hairudi. Nikasikia anabonyeza vitu. Nikachungulia uani, na kitochi mkononi mwa mama kikawaka vijiti viwili. Miaka ya nyuma kazi hiyo ingenigharimu siku nzima juu ya mnara na dawa ya kuchua mgongo.

Sasa ikabaki kuwaeleza watu. Tukakusanyika uani kwa mwenyekiti, kwenye kivuli cha paneli ya sola. Nikawaambia kwa siku kumi hakuna kubipu. Piga, ipokelewe, muongee.

"Tuongee nini?" akauliza mwenyekiti.

"Chochote."

"Na nani?"

"Na yeyote. Hata ninyi kwa ninyi."

Wakatazamana. Mwenyekiti akasema yeye na watu wa kitongoji hiki wanaonana kila siku, na walichokuwa nacho cha kuambiana walishaambiana. Bibi mmoja akauliza kama ugomvi unahesabika. Nikasema unahesabika, dakika ni dakika. Akafurahi. Kuna jirani yake hawajaongea tangu kuku wa mmoja alipofukua mbegu za mwenzake, na alikuwa na mengi ya kumwambia ila uso kwa uso hataki.

Nikawanunulia wazee vifurushi vya kuongea. Ndiyo faini yangu, nikailipa, tusiizungumze tena.

Basi kijiji kikaanza kuongea kwa amri. Wale mabibi wawili walipigiana simu kila mmoja amekaa barazani kwake, hatua chache tu katikati, ukipita unasikia tusi mara mbili, kwanza kwa sikio la kulia kisha la kushoto. Siku ya tatu walikuwa wameshafika kwenye mambo ya ujana wao wakawa wanacheka. Mwenyekiti alimpigia mtu wa mashine ya kusaga, akamsimulia mashine ya kusaga. Watu ambao maisha yao yote simu ilikuwa kitu cha kukatwa haraka walijifunza kusema "ehee" na "enhe, halafu?" huku wakitafuta la kuongezea.

Mama alinipigia mimi.

"Haya, nimepiga," alisema siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. "Ongea."

Nikaongea. Nikamwambia habari za kazi, habari za watoto, habari za mvua. Nikaishiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi nakuweka hapa, nina kazi."

Akaniweka juu ya kigoda bila kukata, akaenda zake.

Hivyo ndivyo nilivyoishi na mama yangu kwa siku kumi. Nilikuwa stoo yetu ya kazini, Visiga, napanga boliti na nyaya, spika moja sikioni, na sikio hilo lilikuwa Kisarawe. Nilimsikia akifagia. Nilimsikia akiwatukana kuku kwa majina niliyodhani ni yangu peke yangu. Nilimsikia akikohoa, akitwanga kisamvu, akisimama katikati ya kutwanga ili apumzike. Sikujua kwamba siku hizi anasimama. Nilimsikia akiongea na baba, maneno mawili matatu ya kawaida, kwamba paa la jikoni linavuja upande ule aliousema, na baba ni marehemu.

Siku ya sita jirani yake alikuja, yule wa kuomba moto. Wakakaa karibu na kigoda. Nikasikia chai inamiminwa.

"Huyo kwenye simu ni nani?" jirani akauliza.

"Mwanangu. Yuko kazini, hasikii."

"Si ungekuwa unampigia hivi siku zote mkaongea. Kila siku kibipu, kibipu."

"Aa, bipu inatosha."

"Inatosha nini? Salio lenyewe si anakutumia yeye?"

Mama akapuliza chai. Nilimsikia akivuta funda.

"Nikimpigia akapokea," akasema, "nitamuuliza anakuja lini. Na yeye atanidanganya, kwa sababu ana kazi na hataki kuniudhi. Bipu haimuulizi kitu. Bora bipu."

Nilikuwa nimeshika boliti. Nikaendelea kuishika. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipokwenda kwetu bila kutumwa na kazi wala kufukuzwa na hofu. Nikarudi nyuma Idi hii, nikarudi Idi ile, hiyo nilituma nguo kwa mtu. Sikuipata. Na mimi nilikuwa naitazama bipu ile kila alfajiri na kujisifu moyoni kwamba nina mama mzima na ni mtoto mwema. Niliona aibu, wallahi. Aibu ya mtu mzima haina pa kuifichia, nikarudi kuhesabu boliti, na hesabu ikakataa.

Siku ya kumi na moja mhandisi akanipigia.

"Kaka, watu wenu wanaongea mpaka nikaogopa. Kuna simu moja ilikuwa hewani mchana kutwa, nikadhani imeharibika."

"Hiyo ni mama yangu anapalilia."

Safari hii alicheka. Akasema 2G inabaki, ameitengea sehemu yake kwenye redio, na kwenye faili la kituo ameandika kwa maneno, kusudi atakayekuja baada yake asidanganywe na dakika: hapa watu wanabipu, msiguse. Sijawahi kusoma hati ya kitaalamu yenye akili kama hiyo. Halafu akaniambia nirudie kujaza fomu, kwa mkono wangu, swali kwa swali. Nikaijaza.

Habari ilipofika kijijini kwamba tumeshinda, watu walimshukuru Mungu wakafunga midomo siku hiyohiyo. Mabibi wawili tu ndio waliendelea, maana walikuwa hawajafika mwisho. Na mimi alfajiri iliyofuata simu yangu iliita mara moja, ikakata. Nimeamka salama. Kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, na hicho ndicho nilichokuwa nimekipigania.

Alfajiri ya pili, vilevile.

Alfajiri ya tatu nilikuwa nimeshaamka, nimekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi na kidole tayari. Mke wangu aliniuliza nasubiri nini, nikamwambia nyamaza. Ikaita. Nikapokea.

"We!" Mama alipiga kelele mpaka mke wangu akasikia. "Mbona unapokea? Unanilia salio!"

"Kidole kimeteleza, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kimeteleza! Fundi mzima wa simu!"

Nikangoja akate. Hakukata. Nikasikia jogoo wake, nikasikia ukili wa mkeka ukilia anapogeuka kukaa vizuri. Salio lilikuwa linaliwa, na sote wawili tulikuwa tunajua.

"Haya," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa imeshuka. "Ushapokea. Unakuja lini?"

Nilikuwa na majibu yangu ya siku zote: mwisho wa mwezi, tukimaliza mradi, mvua zikipungua, Mungu akipenda. Yote yalikuja mdomoni kwa mpangilio wake.

"Leo," nikasema.

"Kuna nini? Wamekufukuza kazi?"

"Hamna, mama. Nakuja tu."

Akanyamaza tena. Huko kwenye ripoti ya yule binti, kimya kile nacho kilikuwa kinahesabiwa kuwa maongezi.

"Basi njoo na chumvi," akasema, "imeniishia." Akakata haraka.